Chale Aliyekula Kiatu

Mpwa wangu anaishi London, kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani. Mwishoni mwa Juni 2025 alinipigia simu usiku akitoka sinema. Alikuwa ameandamana na wenzake kutazama filamu ya Charlie Chaplin iitwayo The Gold Rush, filamu ya mwaka 1925, nyeusi na nyeupe, isiyo na neno hata moja la kusikika. Ilikuwa imesafishwa na kurudishwa kwenye kumbi za sinema za nchi nyingi kwa mpigo, kuadhimisha miaka 100 tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza. Aliniambia watoto wa leo, hawa wa simu, walicheka mpaka wakashika mbavu. Lakini kulikuwa na mzee mmoja kando yake ambaye ilipofika sehemu ya kula kiatu alicheka huku akipangusa machozi. Mpwa wangu alitaka kujua mzee yule aliona nini.

Sikumjibu hapo hapo. Swali lake lilinikumbusha nyanya yangu, marehemu, Mola amrehemu.

Utotoni mwetu Mombasa kulikuwa na gari la sinema ya bure. Lilikuja uwanjani magharibi, likatundika kitambaa cheupe, likatangaza sabuni na dawa ya meno, na kati ya matangazo likatia vipande vya vichekesho vya zamani. Sisi watoto tulikaa mchangani mbele, wanaume nyuma yetu, na kina mama wakasimama kando na mabuibui yao. Mtu mfupi mwenye kofia, bakora na masharubu mafupi alipotokea, uwanja mzima ulipiga kelele, Chale! Hilo ndilo jina lake tulilolijua, na mtoto yeyote mwenye vituko mtaani naye akaitwa chale.

Usiku mmoja walionyesha kipande kile cha kiatu. Wanaume wawili wamekwama kwenye kibanda barafuni, chakula kimekwisha. Chale anachemsha kiatu chake kwenye sufuria, anakijaribu kwa uma kama kimeiva, anakipakua kwenye sahani na kukikata kama anayekata nyama ya karamu. Kamba za kiatu anazizungusha kwa uma kama tambi. Misumari anaifyonza kama mifupa ya kuku. Tulicheka mpaka tukalala mchangani. Nilipogeuka kumtafuta nyanya, nilimwona amenyamaza kimya.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakucheka. Nyanya alikuwa ameyaona miaka ya Vita Vikuu vya Pili, alipokuwa akipanga foleni ya nafaka ya mgao na watoto wadogo mgongoni. Alinieleza kwamba mtu yule hakubuni, alikuwa amewahi kulala na njaa. Alimjua kwa jinsi alivyoandaa sahani. Mwenye shibe akiigiza njaa, alisema, huigiza kurarua na kurukia chakula. Aliyeishi nayo anajua kwamba maskini hutandika meza vizuri hata kama hakuna cha kuweka juu yake, ili watoto wasione kwamba nyumba imeanguka.

Miaka mingi baadaye nilisoma maisha ya Chaplin, nikaona nyanya, ambaye hakujua kusoma, alikuwa amemsoma mtu huyu barabara.

Charles Spencer Chaplin alizaliwa tarehe 16 Aprili 1889, kusini mwa London. Hati yake ya kuzaliwa haikuwahi kupatikana. Baba yake, aliyeitwa Charles vilevile, alikuwa mwimbaji wa majukwaani. Mama yake, Hannah, naye alikuwa mwimbaji, akijulikana kwa jina la jukwaani la Lily Harley. Alikuwa na kaka wa mama mmoja, Sydney, aliyemzidi miaka minne. Baba aliihama nyumba mapema, akazama kwenye ulevi, na akafa mwaka 1901 kabla hajafika miaka 40.

Mama alibaki na wanawe wawili na sauti iliyoanza kumsaliti. Chaplin alisimulia kwamba mara ya kwanza kupanda jukwaani alikuwa na miaka mitano. Mama yake alikuwa akiimba mji wa Aldershot mbele ya askari, sauti ikamkatika, wakaanza kumzomea. Msimamizi akamsukuma mtoto mbele badala yake. Mtoto akaimba, watu wakarusha sarafu, naye akakatiza wimbo kutangaza kwamba ataziokota kwanza ndipo amalize. Watu wakaangua kicheko. Kisha akaigiza jinsi sauti ya mama yake inavyopasuka, bila kujua kwamba anamuumiza. Mama hakuimba tena kama zamani.

Hannah akawa anashona nguo za watu kwa malipo ya kijungujiko. Mwaka 1896 alishindwa kabisa, akaingia na wanawe kwenye nyumba ya serikali ya maskini ya Lambeth. Nyumba hizo zilikuwa mahali ambapo masikini walilishwa kwa masharti. Ukifika lango ndilo linalokutenganisha na wako, mama upande huu, watoto upande ule, na nguo zako zinachukuliwa unavikwa za nyumba. Charlie alikuwa na miaka saba. Alipelekwa shule ya watoto mafukara huko Hanwell, ambako alikaa takribani mwaka na nusu. Alishikwa na mapunye, akanyolewa kichwa na kupakwa dawa, akatengwa na wenzake. Kwa mtoto, hayo ya kichwa yanaweza kuuma kuliko njaa yenyewe.

Baadaye akili ya mama ikachafuka. Mwaka 1898 alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Akatoka, wakaishi kwenye vyumba vya juu kabisa vya nyumba za kupanga, leo hapa kesho pale. Mwaka 1903 ugonjwa ulirudi. Sydney alikuwa baharini, akifanya kazi melini. Charlie, mwenye miaka 14, alimshika mama yake mkono akamtembeza mwenyewe hadi hospitali, kisha akarudi chumbani peke yake. Kwa siku kadhaa alimkwepa mama mwenye nyumba asije akamtia mikononi mwa serikali tena, akaishi kwa kujitafutia mitaani mpaka Sydney aliporudi.

Nawaomba wasomaji mshike picha hiyo ya kijana anayempeleka mama yake hospitali kwa miguu. Filamu zake nyingi zilizokuja baadaye zimo ndani yake.

Jukwaa ndilo lililomwokoa. Alikuwa ameanza akiwa na miaka tisa hivi, kwenye kikundi cha watoto waliocheza kwa viatu vya mbao, mfano wa mitalawanda yetu. Mwaka huo huo wa 1903 alipata kazi ya kuigiza mtumishi mdogo katika mchezo wa Sherlock Holmes, akazunguka nao miji ya Uingereza. Mwaka 1908 Sydney alimwombea nafasi kwa Fred Karno, aliyekuwa na vikundi vya vichekesho vya vitendo, vya kuanguka na kupigana bila maneno. Humo alijifunza kwamba kichekesho kinahitaji hesabu, na kwamba mchekeshaji akionyesha huzuni kidogo katikati ya vituko, watu humpenda zaidi. Karno ndiye aliyempeleka Marekani mwaka 1910. Katika meli hiyo alikuwamo kijana mwingine aliyekuja kujulikana kama Stan Laurel, yule mwembamba wa Laurel na Hardy.

Mwisho wa 1913 kampuni ya filamu ya Keystone, California, ilimwajiri kwa dola 150 kwa wiki. Mwanzoni mwa 1914 aliambiwa avae chochote cha kuchekesha. Alichagua vitu visivyopatana: suruali pana na koti la kubana, viatu vikubwa na kofia ndogo. Akaongeza masharubu mafupi na bakora. Februari 1914 watazamaji walimwona kwa mara ya kwanza, akizurura mbele ya kamera kwenye mashindano ya vigari vya watoto.

Tazameni mavazi yale vizuri. Suruali ni ya mtu mwingine na viatu vimepasuka, ila kofia ni ya bwana, na bakora ni ya bwana. Mtu huyu hana pa kulala, lakini akikutana na mwanamke anavua kofia. Akipigwa na kuanguka, anasimama, anajipangusa vumbi, anarekebisha koti. Sisi Waswahili tuna neno la jambo hilo, nalo ni heshima. Watu tuliwajua mitaani kwetu, waliofilisika kabisa lakini kanzu imefuliwa na kupigwa pasi, na ukiwakaribisha chakula husema wamekwisha kula. Chale alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana alieleweka uwanjani kwetu bila mkalimani.

Umaarufu wake ulipanda kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1915 alilipwa dola 1,250 kwa wiki na kampuni ya Essanay. Mwaka 1916 kampuni ya Mutual ilimlipa dola 10,000 kwa wiki, na dola 150,000 juu yake za kutia sahihi. Alikuwa na miaka 26. Wanasesere, kofia na picha za Chale ziliuzwa kila mahali.

Hapo ndipo alipopata somo ambalo naona wengi wakilisimulia kwa haraka. Alipoondoka Essanay, kampuni ilikuwa na filamu yake moja aliyokuwa ameipima kuwa fupi. Waliokota vipande alivyovitupa, wakavipachika, filamu ikawa ndefu mara mbili, wakaiuza kwa jina lake. Alikwenda kotini, akashindwa. Kazi ilikuwa yake, uso ni wake, lakini mkataba ulisema mali ni ya wengine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto wa Lambeth aliyevuliwa nguo langoni hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mkataba wake uliofuata, wa dola milioni moja kwa filamu nane, ulimpa nafasi ya kuzalisha mwenyewe na kurudishiwa filamu zake baada ya muda. Alijenga studio yake Hollywood, iliyokamilika mwaka 1918. Tarehe 5 Februari 1919, pamoja na Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith, alianzisha United Artists, kampuni ya kusambaza filamu iliyomilikiwa na wasanii wenyewe.

Namjua mchekeshaji mmoja wa hapa Pwani, sitamtaja. Miaka ya kanda za video aliigiza vichekesho vilivyochezwa kila nyumba. Alitia sahihi karatasi asiyoisoma, akapewa pesa ya kununulia kitanda. Kanda ziliuzwa na kunakiliwa bila hesabu. Leo ni mzee, na hana hata nakala moja ya kuwaonyesha wajukuu zake kwamba aliwahi kuchekesha. Nikimwona barazani huwaza juu ya ile kesi aliyoshindwa Chaplin, kwani kama asingejifunza kwayo, tusingekuwa na filamu hizi za kurudisha popote.

Mwaka 1919 mke wake wa kwanza, Mildred Harris, alizaa mtoto wa kiume aliyeishi siku tatu tu. Muda mfupi baadaye Chaplin alianza kutengeneza The Kid, hadithi ya mzururaji anayeokota kitoto jaani na kukilea. Kuna mahali maafisa wanakuja kumchukua mtoto kumpeleka nyumba ya yatima. Wanamtupa nyuma ya gari, mtoto ananyoosha mikono akilia, na Chale anakimbia juu ya mapaa kumfuata. Nani asiyeona Hanwell hapo? Filamu ilitoka 1921. Mwaka huo huo Chaplin alimhamisha mama yake kutoka Uingereza na kumweka kwenye nyumba karibu na bahari California, akiwa na wa kumhudumia, hadi alipofariki 1928. Mtoto aliyeigiza, Jackie Coogan, alipata mamilioni, na alipokua mkubwa alikuta mama yake na baba wa kambo wamezitumia karibu zote. Kisa chake kilizaa sheria ya California ya mwaka 1939 ya kulinda mapato ya watoto waigizaji.

Kisha ikaja The Gold Rush. Chaplin aliona picha za watu waliokwenda kutafuta dhahabu Klondike mwaka 1898, msururu mrefu wa watu wakipanda mlima wa theluji. Alisoma pia juu ya wahamiaji waliokwama theluji milimani California, wakala viatu vyao na mabaya zaidi ya hayo. Kutokana na msiba huo akatengeneza kichekesho. Alipeleka mamia ya wanaume mlimani kwa treni, wengi wao wazururaji wa kweli, wapande ule mlima mbele ya kamera. Sehemu kubwa iliyobaki aliipiga studioni, theluji ikiwa ni chumvi na unga.

Kiatu chenyewe kilitengenezwa kwa peremende nyeusi ya urukususu. Alirudia tukio lile siku tatu, mara baada ya mara, mpaka yeye na mwenzake Mack Swain wakaharisha. Katika filamu hiyo hiyo Chale anawaandalia wageni wa kike meza ya mwaka mpya, na hawaji. Akisinzia anaota kwamba wamekuja, anachoma uma mbili kwenye mikate midogo ya boflo na kuichezesha juu ya meza kama miguu ya mcheza ngoma. Anapoamka, meza bado imetandikwa na viti bado ni vitupu. Nyanya alisema kweli juu ya meza.

Filamu ilionyeshwa kwanza Hollywood tarehe 26 Juni 1925.

Lakini sitaki niandike maisha ya mtu kana kwamba ni maulidi yake. Chaplin aliyejua thamani ya heshima hakuwapa wote heshima hiyo. Mke wake wa kwanza alimwoa akiwa na miaka 16, yeye ana 29. Wa pili, Lita Grey, awali alichaguliwa kuwa mwigizaji mkuu wa kike wa The Gold Rush. Akapata mimba, Chaplin akamwoa Mexico mwezi Novemba 1924. Msichana alikuwa na miaka 16, mwanamume 35, na nafasi yake katika filamu ikapewa Georgia Hale. Ndoa ilivunjika 1927 kwa kesi iliyojaza magazeti, na Lita akalipwa zaidi ya dola 600,000. Studioni nako Chaplin alikuwa mgumu. Aliwarudisha waigizaji mara mamia kwa tukio moja, na baadhi aliwafukuza kisha akawaita tena. Mimi nina wajukuu wa kike wa umri ule, na siwezi kulipita jambo hilo kwa kusema zama zilikuwa tofauti. Umaskini unaweza kumfundisha mtu huruma kwa wanyonge wote na bado asimwone mnyonge aliye ndani ya nyumba yake.

Mwaka 1927 filamu zilianza kusema. Kila studio ikakimbilia sauti. Chaplin alikataa, kwa sababu Chale akifungua mdomo na kusema Kiingereza atakuwa wa Waingereza peke yao. Alitumia zaidi ya miaka miwili kutengeneza City Lights bila mazungumzo, na muziki akautunga mwenyewe. Ilitoka Januari 1931. Mzururaji anampenda kipofu muuza maua, ambaye anamdhania kuwa tajiri. Anapata pesa za kumtibu macho, anafungwa jela kwa ajili yake, na anapotoka nguo zake zimechanika kuliko zamani. Msichana, sasa anaona, anamcheka kwa huruma na kumpa ua na sarafu. Anaposhika mkono wake ndipo anapomjua. Filamu inaishia hapo, kwenye uso wa mtu anayengoja kujua kama ataheshimiwa au ataonewa haya.

Septemba mwaka huo, akiwa London, alikutana na Mahatma Gandhi katika mtaa maskini wa Canning Town, wakazungumza juu ya mashine na ajira. Mwaka 1936 alitoa Modern Times, ambamo Chale ni mfanyakazi wa kiwanda anayefungwa kwenye mashine ya kumlisha, ili asipoteze muda wa kula. Mashine inampiga usoni kwa chakula. Tena ni suala la mtu na sahani yake. Mwaka 1940 alitoa The Great Dictator, akamkejeli Hitler, mtu aliyezaliwa siku nne tu baada yake na mwenye masharubu kama yake, wakati ambapo Marekani haikuwa imeingia vitani. Hapo ndipo alipozungumza kwa mara ya kwanza katika filamu nzima.

Baada ya hapo mambo yalimgeukia. Mwaka 1943 alishtakiwa kuwa baba wa mtoto wa Joan Barry. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba si baba, na bado mahakama ikaamua alipe matunzo. Mwaka huo huo alimwoa Oona O'Neill, yeye ana miaka 54 na bibi arusi 18. Ndoa hiyo ilidumu mpaka kifo chake, wakazaa watoto wanane. Vita vilipokwisha, Marekani ikashikwa na hofu ya ukomunisti. Chaplin hakuwahi kuchukua uraia wa nchi hiyo, na alikuwa na maneno yake juu ya siasa. Septemba 1952 alipanda meli na familia yake kwenda London kuizindua filamu yake ya Limelight. Wakiwa baharini, serikali ya Marekani ikafuta kibali chake cha kurudi. Kwa mara nyingine lango likafungwa nyuma yake. Oona ndiye aliyerudi Marekani kimya kimya kuokoa mali. Mwaka 1953 wakahamia kijiji cha Corsier-sur-Vevey, Uswisi.

Aliporuhusiwa kuingia Marekani tena ilikuwa 1972, kupokea Oscar ya heshima. Ukumbi mzima ulisimama, ukampigia makofi kwa dakika nyingi, naye, mzee wa miaka 82, akashindwa kusema mengi. Mwaka 1975 Malkia wa Uingereza alimpa cheo cha Sir. Alifariki usingizini tarehe 25 Desemba 1977, ana miaka 88. Machi 1978 watu wawili waliiba jeneza lake wakitaka fidia. Oona alikataa kulipa. Lilipatikana Mei limefukiwa kwenye shamba la mahindi, akazikwa upya chini ya zege. Hata maiti yake iliwahi kuchukuliwa na wenye kutaka faida.

Filamu zake hazikuchukuliwa. Filamu nyingi za enzi ile zimepotea kabisa, zimeungua au zimeoza, kwa sababu wenye nazo waliona thamani imekwisha mara tu wiki ya maonyesho ilipopita. Za Chaplin zilikuwa na mwenyewe. Alizihifadhi, akazirudisha sokoni kila kizazi, na mwaka 1942 akaipunguza The Gold Rush na kuitia sauti yake. Baada yake watoto wake wakazishikilia. Tangu 1999 hifadhi ya filamu ya mji wa Bologna, Italia, imekuwa ikizisafisha moja baada ya moja, ikitafuta vipande vilivyotawanyika, ikiondoa mikwaruzo picha kwa picha. The Gold Rush iliyoonyeshwa tamasha la Cannes Mei 2025, na baadaye katika kumbi za dunia, ni ile ya 1925 iliyounganishwa upya.

Huku kwetu, kumbi tulizosimamia foleni siku za Sikukuu, Regal na Naaz, zimebaki hadithi. Hilo naweza kulivumilia. Linalonisumbua ni masanduku. Ndani ya nyumba zetu mna kanda za harusi, za taarabu, za michezo ya kuigiza ya shule na mitaa, zinazoliwa na ukungu wa bahari. Nyingine zina sauti na sura za watu ambao wamekwisha kutangulia. Ukipata kijana mwenye kifaa cha kuzihamishia kwenye kompyuta, mpe kazi hiyo mwezi huu, usingoje mwakani. Na wewe kijana unayechekesha kwenye simu leo, soma karatasi kabla ya kutia sahihi.

Mpwa wangu nilimpigia kesho yake. Nilimsimulia habari za nyanya, ambaye ni nyanya mkuu wake na hakuwahi kumwona, ile foleni ya mgao na meza iliyotandikwa. Nikamwambia mzee wa sinema pengine aliona meza ya mama yake mwenyewe. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba mmoja wa wazee anaowatunza, kikongwe asiye na mtu, humtaka kila siku amtandikie kitambaa mezani hata kama ni chai tupu. Siku nyingine, akiwa na haraka, yeye hukiacha.

Alisema hatakiacha tena.